Fundi Piusi na Mkono Uliopakwa Rangi

Kaeni, wazee wangu. Walio kwenye tope wasogee huku chini ya turubai; mkibanana mtatosha. Baba Paroko, nakushukuru kwa kuniruhusu, maana najua ratiba inatubana, na mvua nayo hiyo inakuja kutoka upande wa Oldeani.

Wasifu wa marehemu mnao mikononi, umechapwa kwenye ratiba pamoja na ile picha aliyopigwa kwenye harusi ya Angela. Angela, binti yake, ndiye aliyeuandika, na kila alichoandika ni kweli. Mtausoma nyumbani. Huu ninaousoma mimi, Sabina Hhando, dada yake wa tumbo moja, ndio alioagiza mwenyewe usomwe. Una jambo moja ambalo ule hauna. Nikiwa mkali humo katikati mnivumilie, mnanijua.

Jambo hilo linamhusu yule mzee aliyesimama nje ya lango. Anaitwa Saning'o Simel, mwenyeji wa Engaresero, kule ziwa Natron. Mmemwona asubuhi. Gari la jeneza liliponasa kwenye tope pale korongoni, Landrova yake ilikuwa nyuma yetu. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama pembeni. Isaya, mtoto wa marehemu, akasema baba yake hatapanda gari lililomuua. Vijana wakalibeba jeneza begani hadi hapa, wakiteleza, na mara mbili nilifumba macho nikijua linaanguka. Kisha lango likafungwa. Piusi aliagiza kwamba Saning'o atie udongo kaburini mwake pamoja na wanawe, na Isaya amekataa. Basi nisome kwanza, ili anayekataa akatae akijua anachokikataa.

Marehemu Piusi Hhando Tarmo alizaliwa tarehe 9 Machi 1967 hapahapa Rhotia Kainam, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Hhando Tarmo na mama yetu Helena. Alipozaliwa wazee wa ukoo walimwombea slufay, ile sala yetu ya baraka, kwamba aishi na watu vizuri na ng'ombe wake wasipotee. Ng'ombe hawakumpenda sana, wala yeye hakuwapenda. Alipenda chuma. Akiwa mdogo alifungua nati zote za plau ya baba ili aone kilichomo ndani. Ndani ya plau hamna kitu, kila mkulima anajua. Alichapwa, akairudisha nati moja moja, na mzee alikiri baadaye kwamba plau ile haikuwahi kulima vizuri kama mwaka ule.

Alisoma Shule ya Msingi Rhotia kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, kama wengi wetu wa wakati ule. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akisema shule ya magari haina mtihani wa kuingia.

Mwaka 1984 alikwenda Oldeani, kwenye shamba moja la kahawa, akaajiriwa karakana ya matrekta. Huko alifundishwa kuchomelea na mzee mmoja kutoka Mbulu, na mzee huyo alimpa somo moja ambalo Piusi alilishika kuliko katekisimu, Baba Paroko anisamehe. Chuma ulichokichomelea kinataka kupoa polepole. Ukifukie kwenye majivu ya jikoni yenye moto moto, ukiache hadi kesho yake, hapo kiungo kitashika. Ukikimwagia maji kitapoa upesi, utapendezwa, lakini kitakuwa kigumu kama glasi, na kama glasi kitapata ufa usiouona.

Majivu hayo ndiyo yaliyomwoza mke. Kila jioni alikuwa akienda na ndoo kwenye jiko la wafanyakazi wa shamba, ambako mama mmoja wa ukoo wa Bayo alikuwa akipika na binti yake, Cresensia. Yule mama alivumilia wiki kadhaa, mwisho akamuuliza, "Wewe kijana, kwenu hamna moto?" Piusi akajibu kwao moto upo, ila hauna mpishi mzuri. Kwa mtu asiyejua kuongea, hilo lilikuwa neno kubwa, na nadhani alilifanyia mazoezi njia nzima. Walifunga ndoa katika Parokia ya Karatu tarehe 15 Oktoba 1994, wakabarikiwa watoto watatu: Angela, Isaya na Fabian. Mpaka mwaka jana Cresensia alikuwa bado anamchekechea majivu.

Mwaka 1996 alifungua gereji yake mwenyewe mjini Karatu, nyuma ya soko. Alitengeneza kila kitu, lakini kilichomletea jina ni mikono ya nyuma ya Landrova. Kwa wasiojua: chini ya gari, upande wa nyuma, kuna vyuma viwili virefu, kimoja kushoto na kimoja kulia, vinavyoishika ekseli isikimbie mbele wala nyuma gari linapopanda na kushuka. Ile ya kiwandani ilikuwa ikipinda kwenye mawe ya huku kwetu, hasa kwa magari ya watalii yaliyoinuliwa na kurefushwa. Piusi alikuwa akilala chini ya kila gari na kulipima lenyewe, akisema hakuna magari mawili yenye mgongo mmoja. Kisha anakata bomba zito, anachomelea vichwa vya bushi, zile raba za kwenye viungo, anafukia kwenye majivu. Na hakupaka rangi. Madereva walimsumbua sana kwa hilo, walitaka nyeusi ya kung'aa. Yeye aliifuta kwa oili chafu basi. Alisema rangi ni ya mlango. Chuma kitupu kikipata ufa kitakuonyesha mstari wa kutu, utawahi. Kilichopakwa rangi kitanyamaza mpaka siku ya kukuua.

Saning'o alifika gerejini mwaka 2009. Ana kambi ndogo ya wageni Engaresero, na Landrova moja, ile mliyoiona asubuhi, ya kupeleka wageni chini ya mlima Lengai. Wageni wasipokuwepo inabeba wagonjwa na wajawazito, kwa sababu kule hakuna gari lingine la kuaminika. Walishibana. Sijui walishibana kwa lugha gani, maana Kiswahili cha Saning'o kilikuwa cha mnadani na ndugu yangu alikuwa bubu wa kujitakia. Walikuwa wakikaa kwenye tairi wanakunywa chai, wanaangalia gari.

Sasa sikilizeni, na wewe Isaya usiangalie chini.

Tarehe 2 Agosti 2018, siku ya Alhamisi, Piusi alikuwa na jozi mbili za mikono karakanani. Moja ya Landrova ya Josephati Bayo, inayobeba vitunguu kutoka Mang'ola. Nyingine ya Saning'o. Mwezi ule ukoo wa Saning'o ulikuwa na sherehe kubwa ya rika la vijana kule Ololosokwan, na Landrova ndiyo ingebeba kina mama na wazee. Alikuwa amelipaka gari lote rangi nyekundu, nyekundu ile ya kwao Wamaasai, na akaomba hata mikono ya chini iwe nyekundu. Na alikuwa na haraka, wageni walikuwa wanamsubiri kesho yake. Rangi haikai juu ya chuma chenye moto. Majivu yangechukua usiku kucha.

Ndugu yangu alicheka, maana alimpenda, akachukua ndoo ya maji akamwagia viungo vyote vya jozi zile mbili. Cresensia alikuwa ameshafika mlangoni na karai la majivu. Alisimama, akaona mvuke, akarudi nalo. Jozi ya Josephati ikaachwa tupu kama kawaida. Ya Saning'o ikapakwa nyekundu, na wote wawili wakasema imependeza.

Ijumaa ya tarehe 17, asubuhi, Josephati alileta gari lake lipakwe grisi. Josephati, nakuona umeshika kichwa. Ndiyo, ni siku ile uliyoambiwa uliache gari kwa sababu bushi hazijafika. Piusi aliingia chini, akafuta vumbi kwa kidole, na kwenye kiungo cha mkono wa kushoto akaona mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya bomba. Alitoka kule chini ana uso ambao sijawahi kumwona nao, hata siku tuliyomzika baba. Nilikuwa nimempelekea maharage, maana nilikuwa nauza chakula pale jirani. Akaniuliza kama naweza kuacha sufuria. Nikamwambia sufuria haiachwi. Akasema Saning'o anapanda leo mlima wa Sonjo na mama yake ndani ya gari. Nikaacha sufuria.

Alimpigia simu, haikupatikana. Kule ikipatikana ni bahati. Akachukua jozi mpya aliyokuwa amemtengenezea mteja mwingine, hii imelala kwenye majivu kama inavyotakiwa, akaitupa nyuma ya pikapu pamoja na cheni na winchi ya mkono. Mafundi wake aliwaambia amealikwa sherehe. Mimi alinichukua kwa sababu nilifanya biashara ya vitunguu kwenye minada ya Selela na Engaruka miaka mingi, na Kimaa nakisikia na kukisema. Ukweli aliniambia tulipokuwa tunateremka Mto wa Mbu. Aliusema kwa ufupi, macho barabarani.

Barabara ya Natron wengi wenu mnaijua. Ni makorongo na mawe, na ukikaribia Lengai ni lile vumbi la majivu ya mlima linaloingia hadi kwenye meno. Piusi, ambaye alikuwa akiwagombeza madereva wanaokimbiza gari, aliendesha hivi kwamba niliomba kila mtakatifu ninayemjua na wengine nikawatunga. Tulipofika kambini kwa Saning'o tulimkuta mpishi wake, Nalangu, anaosha vyombo. Akasema wameondoka kitambo, wamejaa, wanaimba. Piusi alimuuliza jambo moja tu, kupitia kwangu: gari lilikuwa linalia chini? Nalangu akasema ndiyo, lilikuwa likigonga kidogo, tangu jana, na Saning'o alisema Piusi atalitazama akija.

Mlima ule unapanda kwa kona kutoka ziwani, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Tuliwaona kona tatu juu yetu, kitu chekundu kwenye vumbi. Piusi akaanza kupiga honi. Jamani, ningekuwa na jiwe ningejipiga nalo kichwani, maana mnajua honi siku ya sherehe inamaanisha nini. Dereva wao, Tajewo, mpwa wa Saning'o, aliitikia kwa honi na kuongeza mwendo, akidhani ni ndugu wengine wanaowahi sherehe. Nilitoa mwili nusu nje ya dirisha nikapunga kanga. Kina mama wakatoa shuka zao wakanipungia, wakaimba zaidi. Nilipiga kelele kwa Kimaa wasimame, wasimame, mpaka sauti ikakatika, na upepo ukairudisha yote usoni kwangu. Piusi alikuwa akigonga usukani kwa kiganja, anasema polepole, "Simama, simama, rafiki yangu." Namsikia mpaka leo.

Tulikuwa tumebakiza kona moja mkono ule mwekundu ulipokatika. Ulitoa mlio kama wa mti unapoanguka. Ekseli upande wa kushoto ikarudi nyuma, gari likageuka mkia kuelekea bondeni, likateleza, likakwama kwenye jiwe. Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Nyimbo zikakatika.

Saning'o aliwatoa kina mama kwa mlango wa upande wa ukuta, mmoja mmoja, na kila aliyetoka gari lilishuka kidogo. Tajewo alikuwa amekanyaga breki kwa miguu miwili, jasho linamdondoka kidevuni. Akabaki bibi Naishorua, mama yake Saning'o, mzee sana, nyonga yake haifanyi kazi, amekaa nyuma kabisa upande wa bondeni. Saning'o aliingiza mguu ili ambebe, na jiwe likalia. Akautoa mguu. Akamtazama Piusi. Wazee, sijawahi kuona mwanamume akimtazama mwenzake vile, na hakukuwa na hasira ndani yake, alikuwa anauliza tu.

Piusi alisema gari lisiguswe mpaka ekseli ishikwe. Alifunga cheni, akaivuta ekseli kwa winchi mpaka ikarudi karibu na mahali pake, kisha akachukua mkono mmoja mpya akaingia nao chini, chali, kama anavyoingia gerejini. Nilipiga magoti kumpa vifaa. Magoti haya mabovu yalianzia pale. Aliweka bolti ya mbele. Akaniomba nati. Alikuwa anaweka ya nyuma, kwenye ekseli, jiwe lilipopasuka, na gari likakaa juu ya kifua chake.

Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia. Niliuona mkono wake ukiendelea kuzungusha spana, robo, tena robo, mpaka nati ikafika mwisho. Gari likatulia. Akageuza macho kunitazama, akasema, "Mtoeni bibi kwanza."

Bibi Naishorua alitolewa. Ndipo wanaume wakaliinua gari kwa jeki na kwa mabega, na Piusi akatolewa. Mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani na pafu moja limetoboka. Alipelekwa hospitali Wasso katika Landrova ileile, ikishikwa na mkono alioufunga mwenyewe dakika zile, nami nilikuwa nimemshika kichwa. Ule wa pili ulibadilishwa na fundi wa Wasso kesho yake.

Kabla hatujaondoka pale nilikiokota kipande kilichokatika, nikakifunga kwenye kanga. Sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba hakifai kubaki barabarani.

Siku ya tatu hospitalini Piusi aliweza kuongea. Alimwambia Saning'o yote: maji, haraka, rangi, ufa. Mimi ndiye niliyetafsiri, ili lisibaki neno lisiloeleweka. Saning'o alizungusha fimbo yake sakafuni. Kisha akasema, na hili nalitoa kama lilivyotoka: "Nimekusikia. Sasa nyamaza. Fundi akiharibikiwa jina, watoto wake watakula nini? Mimi nina ng'ombe, na ng'ombe hawasikilizi maneno ya watu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Karatu nzima ikasimuliwa kwamba fundi Piusi alikuwa akienda sherehe, akawakuta Wamaasai wamejaza gari kupita kiasi, akawaokoa, wakamvunja. Sikumsikia Saning'o akitunga hadithi hiyo, na sikumsikia akiikanusha. Madereva walimwita mvunja fundi pale kituo cha mafuta. Mwaka 2021 alikuja gerejini kumsalimia mgonjwa, na wewe Isaya ukamfukuza mbele ya wateja, ukampiga teke kibuyu chake cha maziwa. Aliokota kibuyu, akaniita pembeni, akanipa chupa ya mafuta ya kondoo kwa ajili ya kifua cha Piusi. Yale mafuta mliyokuwa mkimwekea baba yenu kwenye chai, mkinishukuru mimi kwa kuyatafuta, hayakutoka mnadani. Yalitoka kwa huyo aliye langoni, kila mwezi, kwa miaka yote.

Mtaniuliza kwa nini ndugu yangu alikaa kimya. Nilimgombeza kwa hilo mpaka tukanuniana Krismasi nzima. Mwanzo alisema tungoje Isaya ajifunze kazi, gereji isimame. Gereji ikasimama. Akasema tungoje Fabian amalize chuo. Fabian akamaliza. Ndugu yangu hakuogopa kuingia chini ya gari linaloning'inia, lakini alimwogopa mtoto wake asije akamtazama kwa jicho lingine. Ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda hivyohivyo, na nilikasirika hivyohivyo.

Kifua hakikupona. Kuanzia mwaka 2022 alikuwa akikaa kwenye kiti karakanani, anaelekeza kwa kidole. Mwaka jana kiti kilihamia nyumbani. Mwezi Februari mwaka huu alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 30 Machi. Nilikuwa naye Jumapili iliyopita. Alinishika kanga akaniambia nisiwasomee watu kwamba alikuwa fundi hodari halafu nikaliacha hili. Nikamwambia Isaya yuko hapo kwenye korido, nimwite, amwambie mwenyewe. Akasema, "Nimejaribu, dada. Akija ananiletea uji, nashindwa."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Cresensia alikuwa amemshika mkono. Pumzi yake iliisha taratibu, bila kushtuka.

Marehemu ameacha mjane, Cresensia, watoto watatu, Angela, Isaya na Fabian, wajukuu wawili, ndugu wanne tuliobaki, mafundi aliowalea, ambao wengine sasa wana gereji zao, na rafiki mmoja, Saning'o Simel, aliyemlipia kwa jina lake mwenyewe.

Isaya, mwanangu, njoo karibu. Sikuja na maneno peke yake. Hiki kilichofungwa kwenye kanga, hapa juu ya meza pembeni ya msalaba, ndicho kile kipande. Kimekaa nyumbani kwangu, nyuma ya magunia. Kifungue. Wewe ni fundi, umefundishwa na fundi, usiniamini mimi muuza maharage. Tazama pale kilipokatika. Kama gari lilijazwa kupita kiasi, likakatika siku ileile kwa mpigo mmoja, chuma chote kitakuwa cha namna moja. Lakini kama nusu imeingia weusi wa kutu ya siku nyingi, chini ya rangi, na nusu ni ya kukatika siku ile, basi unajua ilianzia wapi, na unajua ndoo ya maji ilishikwa na nani. Baba yako hakuuawa na gari la mtu. Aliifuata kazi yake mwenyewe mpaka mlimani, akairudia, na hiyo ya pili alipoifunga ilishika. Ndiyo iliyo chini ya Landrova ile mpaka leo. Ndiyo uliyoikataa asubuhi korongoni.

Sikulaumu. Ulikataa kwa kumpenda.

Ratiba inasema udongo wa kwanza ni wako. Huo hakuna atakayekunyang'anya. Mimi nimemaliza kusoma, sasa nakwenda kufungua lango. Mnaijua miguu yangu, nitachukua muda, na hapo katikati kuna tope. Ukinipita njiani, Isaya, utakuwa umenisaidia.

Naye Piusi, tunayemlaza leo katika udongo wa kwao, apoe polepole, kama alivyopenda, mikononi mwa Mungu.